Shamba Liitwalo Angola

Mama mkwe alitandaza karatasi juu ya meza ya chakula, akazigandamiza pembe zake kwa kichupa cha chumvi, kikombe cha chai, kasha la miwani na kiganja chake cha kushoto. Karatasi ilikuwa na urefu wa mkeka wa kuswalia. Chini kabisa palikuwa na jina la binti yangu wa miaka kumi, kwa wino wa zambarau. Juu kabisa, baada ya ngazi nyingi za vijisanduku, palikuwa na jina moja tu.

Antonio, 1621.

"Huyu ndiye wa kwanza wetu," akasema. "Tumeanzia kwake."

Nikaweka kidole kwenye jina la binti yangu, nikaanza kupanda. Baba yake. Bibi yake, yaani mama mkwe mwenyewe. Baba wa bibi. Babu wa bibi. Kila kijisanduku kilikuwa na mwaka na mahali, mpaka nikafika kwa mwanamke mmoja wa sensa ya 1870. Juu ya mwanamke huyo vijisanduku vikakoma. Palikuwa na mstari wa penseli uliopigwa kwa rula, ukapanda moja kwa moja hadi kwa mwanamume aliyefariki karibu na mwaka 1707, mjukuu wa Antonio.

Miaka 163, kwa mstari mmoja.

Sikusema neno. Mkwe ni mkwe, na mimi, hata baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa, pale mezani bado ni mtoto wa watu kutoka Pangani. Binti alipewa kazi ya shule aeleze mtu wa kwanza wa ukoo wake kufika Marekani, na bibi yake alikuwa amempa jibu la kumfanya atembee kifua mbele. Nikashukuru, nikaikunja karatasi, nikaiweka kwenye gari.

Usiku nikawa naamka nauona ule mstari.

Mtu aliyeacha karatasi

Tunaishi Salisbury, Maryland, kwenye rasi ile ndefu kati ya Ghuba ya Chesapeake na Atlantiki. Ukishika barabara namba 13 kwenda kusini unapita Princess Anne, unaingia Virginia, unapita mashamba ya soya na mabanda marefu ya kuku, na baada ya saa moja na kitu unafika Eastville. Ni mji mdogo sana. Lakini kumbukumbu za mahakama ya Kaunti ya Northampton zimetunzwa hapo mfululizo tangu 1632, na hakuna mahali pengine nchi nzima penye mfululizo mrefu kuliko huo. Kaunti nyingi za Virginia vitabu vyao viliteketea, vingi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vya Eastville vilinusurika, na ndani yake Antonio amenusurika pia.

Anaonekana vipande vipande. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1625 ameandikwa "Antonio, mweusi", aliyekuja na meli ya James mwaka 1621. Yumo kwenye shamba la tumbaku la Edward Bennett, ambako tarehe 22 Machi 1622 wenyeji wa nchi walishambulia na kuua watu zaidi ya hamsini. Yeye alipona. Katika orodha hiyohiyo yumo "Mary, mwanamke mweusi", aliyeletwa na meli ya Margaret and John mwaka 1622. Wawili hao walioana, wakakaa pamoja zaidi ya miaka arobaini.

Jina Antonio si lake la kuzaliwa. Ni jina la ubatizo la Kireno, na Wareno wa zama hizo walikuwa wakipakia watu Luanda, katika Angola ya leo, wengi wao wakiwa wametekwa katika vita vya ufalme wa Ndongo. Watu wa Ndongo walisema Kimbundu. Ng'ombe kwao ni ngombe.

Neno hilo nililiweka moyoni, kwa sababu ng'ombe ndio waliomwinua. Alitoka utumishini, akabadili jina akawa Anthony Johnson, akafuga ng'ombe na nguruwe, akasimama mahakamani kudai na kudaiwa. Kuna maneno ya mwaka 1645 ambayo karani aliyaandika na wanahistoria wengi huyahesabu kuwa yake: sasa nalijua shamba langu mwenyewe, nitafanya kazi nipendapo, nitacheza nipendapo. Mwaka 1651 akapata ekari 250. Virginia ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu uliyemlipia nauli ya kuvuka bahari, naye alidai ardhi kwa vichwa vitano. Wanawe nao wakachukua ardhi jirani naye. Moto ulipomuunguzia mali, mwaka 1653 mahakama ilimsamehe mkewe na binti zake wawili kodi ya kichwa maisha yao yote, ikitaja bidii yao na miaka zaidi ya thelathini waliyokaa nchini.

Nilisoma hayo nikiwa na kikombe cha kahawa saa tisa usiku, baada ya zamu. Natunza wazee majumbani, zamu zangu ni za usiku. Nakiri furaha niliyoipata. Mtu aliyetoka upande wetu wa dunia, mwenye neno la ng'ombe linalofanana na langu, ameandikwa Virginia kabla ya Zanzibar kuwa na sultani.

Kwa muda nikausahau mstari wa rula. Nilitaka uwe kweli.

Neno "mgeni"

Kama mwaka 1665 familia ilihamia Kaunti ya Somerset, hapahapa Maryland, dakika ishirini kutoka jikoni kwangu. Anthony alikodi ekari 300, akaziita Tonies Vineyard, shamba la mizabibu la Tony. Mwaka 1670 akafariki.

Agosti ya mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka kule Virginia, baraza la wazee wa mahakama lilikaa kuamua ekari 50 alizomwachia mwanawe Richard. Uamuzi wao ni mfupi. Ardhi irudi kwa Mfalme, kwa sababu marehemu alikuwa mweusi "na kwa sababu hiyo mgeni".

Neno la Kiingereza walilotumia, "alien", ni lile lile lililofupishwa kwa herufi A mbele ya namba ya grini kadi yangu. Nimeibeba namba hiyo kwenye pochi miaka kumi na mmoja. Naijua kwa kichwa kuliko namba ya simu ya mama yangu. Mimi nilikuja juzi, kwa ndege, kwa hiari yangu, na mtu akiniita mgeni hajanitukana. Lakini huyu alikaa karibu miaka hamsini. Alizaa pale, akalima pale, akaunguliwa pale, mkewe na binti zake wakasamehewa kodi na mahakama ya pale. Alipokwisha kuwa maiti ndipo wakakumbuka kwamba ni mgeni.

Nilifunga kompyuta nikaenda kumwangalia binti yangu amelala.

Mary aliishi baada yake. Mwaka 1672 aliwaandikia wajukuu wake ng'ombe. Na mwaka 1677 mjukuu mmojawapo, John, alinunua ekari 44 Somerset akazipa jina. Aliziita Angola.

Yeye mwenyewe kuzaliwa kwake ni huku Amerika. Angola hakuiona kwa macho. Babu yake alifika akiwa na jina la Kireno, akafa na jina la Kiingereza, lakini kuna jioni fulani, mbele ya moto, mtu mzima alimwambia mtoto wametoka wapi, na mtoto hakusahau. Nikitaka kulia katika habari hii yote, hulia hapo.

John huyo alifariki karibu na 1707 bila kuacha mrithi. Ndiye aliye kwenye ncha ya juu ya mstari wa mama mkwe.

Bila mrithi.

Casor

Nimechelewa makusudi kulitaja jina hili, kama nilivyochelewa kumtajia mama mkwe.

Kwenye nyumba ya Anthony Johnson alikuwamo mwanamume mweusi aitwaye John Casor. Alilalamika kwamba alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane, muda umekwisha, na Johnson amekataa kumwachia. Jirani mzungu, Robert Parker, akamchukua kwake. Mke wa Johnson na wanawe walimsihi mzee amwachie huru, na alikubali. Kisha akageuka, akaenda mahakamani. Tarehe 8 Machi 1655 mahakama ya Northampton ilimpa ushindi: Casor arudi kwa bwana wake, na ni wake maisha yote.

Nilikuwa nimeshampenda Antonio. Ndiyo shida. Nilisoma hukumu ile mara tatu nikitafuta tundu la kumtolea. Labda Parker alikuwa anamwibia tu mfanyakazi. Labda mzee aliogopa kufilisika. Labda ukiwa mweusi peke yako kati ya wenye mashamba lazima uonekane kama wao. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na Casor bado anarudishwa.

Kuna watu mtandaoni wanaoipenda sana kesi hii. Wataibandika popote utumwa unapotajwa: mmiliki wa kwanza wa mtumwa alikuwa mtu mweusi, mjadala ufungwe. Si kweli. Mwaka 1640, miaka kumi na mitano kabla, mahakama ya Virginia ilihukumu watumishi watatu waliotoroka pamoja. Wazungu wawili waliongezewa miaka minne kila mmoja. Wa tatu, John Punch, mtu mweusi, alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Mlango ulikuwa wazi Johnson alipoupitia. Lakini aliupitia kwa miguu yake, akimvuta mwenzake mkono.

Familia ilipohamia Somerset, Casor alihama nao. Baada ya mzee kufa, aliandikisha alama yake ya mifugo kwa ruhusa ya Mary. Alikuwa na ng'ombe wake. Alikuwa na alama yake. Hakuwa na nafsi yake.

Nikajiuliza: hivi mama mkwe anajua? Kwenye karatasi yake ndefu Casor hayumo. Ekari 250 zimo.

Shimo

Kazi ya kutafuta ukoo wa watu weusi Marekani ina ukuta wake, na kila aliyeifanya anaujua kwa mwaka: 1870. Ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina. Katika sensa za 1850 na 1860 walio huru waliandikwa majina, ila waliokuwa watumwa waliandikwa kwenye madaftari ya pembeni, chini ya jina la bwana: umri, jinsia, rangi. Mwanamke, 30, mweusi. Msichana, 8, mweusi. Kurasa kwa kurasa bila jina.

Maryland ina matumaini kidogo kuliko kwingine, kwa sababu ilikuwa na watu weusi huru wengi kuliko jimbo lolote: mwaka 1860 walikuwa karibu 84,000, na waliokuwa utumwani wapatao 87,000. Kwa hiyo nilianza na swali jepesi. Yule mwanamke wa 1870, ambaye ubini wake ni Johnson, yumo kwenye orodha ya walio huru mwaka 1860?

Hayumo.

Sensa hukosea, nikajipa moyo. Nikasoma Somerset yote, nikasoma Worcester. Kaunti ya Wicomico ninamoishi ilikatwa kutoka hizo mbili mwaka 1867, kwa hiyo karatasi za zamani za majirani zangu ziko kwa majirani wengine. Johnson niliwaona tele, kwa kuwa ni miongoni mwa ubini ulioenea kupita wote Marekani. Yeye sikumwona.

Hapo nikaelewa jambo ambalo kwa wiki nzima nilikuwa nalizunguka. Mwaka 1662 Virginia ilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Huru kwa mama huru, mtumwa kwa mama mtumwa, baba awe nani. Sisi watu wa pwani tumezoea kinyume chake: mtoto wa suria kwa bwana wake alizaliwa huru, na akarithi. Kule, tumbo lilikuwa ndilo sheria. Kwa hiyo hata kama kuna mjukuu au kitukuu wa Antonio ambaye vitabu havikumtaja, angalipenda mwanamke mtumwa wa shamba la jirani, watoto wao wangekuwa mali ya shamba hilo. Ukoo ungetoka kwenye daftari la wenye ardhi ukaingia kwenye orodha ya mali ya mtu mwingine. Jina la Johnson lingeweza kuishi kwa kunong'onwa, kama lilivyoishi jina la Angola.

Lingeweza. Mtu mwenye hamu anaweza kupitisha tembo kwenye neno hilo.

Nikakumbuka habari ya Obama. Sisi tulikuwa tunatazama Kogelo, upande wa baba, tukidhani ndiko kwenye Afrika yake yote. Mwaka 2012 watafiti wa nasaba wakatangaza kwamba kwa upande wa mama, yule mama mzungu wa Kansas, huenda Obama ni mzao wa John Punch. Walifuata familia ya Bunch kwenye hati za ardhi na mirathi za Virginia, wakapima vinasaba vya wanaume wa ukoo huo, wakakuta asili ya Kiafrika kusini mwa Sahara. Palipokosekana karatasi walisema "huenda". Walikuwa na maabara, walikuwa na rais, walikuwa na kila sababu ya kupiga mstari kwa rula, na waliandika huenda.

Chumba cha uani

Hapa lazima nirudi Pangani kidogo.

Nyumbani kwa bibi, mzaa mama, kulikuwa na mwanamke mzee aliyekaa chumba cha uani. Tulimwita shangazi. Alinifundisha kukuna nazi bila kujikata, kidole gumba kikiwa nje ya kifuu. Alikuwa anakula baada yetu. Sikuona ajabu, kwa sababu mtoto haoni ajabu kitu alichozaliwa akakikuta.

Nilipokuwa msichana mkubwa nikamwuliza mama: shangazi ni dada wa nani hasa?

Mama akaendelea kuchambua mchele. "Yule ni mzalia," akasema.

Mama yake shangazi alinunuliwa, na yeye akazaliwa mtumwa mle mle nyumbani. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, shangazi akiwa binti, akabaki palepale alipozaliwa, kwani angekwenda wapi. Babu alipofariki, mirathi iligawanywa kwa haki, kwa kitabu, kila mwenye fungu akapewa fungu lake, minazi ikahesabiwa mmoja mmoja. Shangazi hakuwa na fungu. Alibakiziwa chumba.

Nimeiona karatasi ya mgao ule. Jina lake halimo hata mahali pamoja. Na nilikuwa nimekaa Maryland nikimnung'unikia mama mkwe moyoni kwa kuwa hakumwandika Casor.

Mahakama ya Yatima

Maryland mahakama ya mirathi inaitwa mpaka leo Mahakama ya Yatima. Mara ya kwanza kusikia nilidhani nimekosea mlango. Zamani mtu akifa, majirani wawili waliteuliwa kuthamini mali yake. Walipita chumba kwa chumba, banda kwa banda, mmoja akitaja, mwingine akiandika, bei upande wa kulia. Ukitaka kuwaona waliokuwa watumwa kwa majina yao, kabla ya 1870, mahali pa uhakika zaidi ni hapo. Mauti ya bwana ndiyo yaliyowaandika.

Nikaacha kutafuta kutoka juu. Nikakaa na yule mwanamke wa 1870, mwenye miaka 55, anayeishi na wanawe na wajukuu. Waliotoka utumwani mara nyingi hawakwenda mbali, basi nikawaandika wazungu wote wenye ardhi wanaoishi karibu naye kwenye ukurasa uleule na wa jirani. Saba. Kisha baba zao. Kisha baba za wake zao, kwa sababu binti wa shamba akiolewa alikwenda na mafungu yake. Kisha nikaanza kusoma orodha za mali za marehemu, moja baada ya nyingine, kila Jumatatu na kila Jumatano, nikitoka zamu na viatu vyangu vya kazi.

Ilikuwa ya tano au ya sita. Filamu ndogo, maandishi ya kahawia, mwandiko umelala upande kama nyasi za kinamasi. Miaka ya 1820. Maksai wawili. Plau moja na vifaa vyake. Gurudumu la kusokotea sufu. Mwanamke mmoja, jina, umri kama miaka 30. Msichana mmoja, jina, umri kama miaka 8. Kitanda na godoro la manyoya.

Jina la msichana si jina la kawaida. Silitaji hapa, wenyewe hawajaniruhusu. Lakini lilikuwa herufi kwa herufi lile la mwanamke wa 1870, na hesabu ya miaka ilikaa.

Niliogopa kufurahi. Nikazungusha filamu hadi kwenye mgao. Msichana yule ameangukia fungu la binti wa marehemu. Binti huyo aliolewa na nani? Nikafungua daftari langu. Mume wake ndiye baba wa mwenye ardhi wa nne kati ya wale saba, nyumba ya tatu kutoka kwa mwanamke wa 1870.

Mwanamke wa miaka 30 ameangukia fungu la mtoto mwingine.

Kulia mwa jina la msichana pana bei. Nayo sitaiandika. Nilikuwa nimeweka kidole kwenye kioo cha mashine, juu ya jina lake, na mkono wangu ulikuwa unatoa kivuli kilichofunika maksai na kitanda, akabaki yeye peke yake kwenye mwanga. Nilikaa hivyo mpaka mtunza kumbukumbu akaniuliza kama naumwa.

Simu

Kazi ya shule ilikuwa imeshapelekwa. Antonio yuko juu ya bango, meli imechorwa kwa kalamu za rangi, na ng'ombe watatu, kwa sababu nilimsimulia binti habari za ngombe. Mwalimu alilibandika ukutani. Sikuliondoa. Sikujua ningemwambia nini mtoto, wala bibi yake, na huo ndio ukweli wa wiki zile.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimwambia mama mkwe yote, kwa utaratibu. Nilianza na ekari 50 na neno "mgeni". Nikasema Casor. Nikasema mjukuu wa Angola hakuacha mrithi. Kisha nikampa nakala ya orodha.

Aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama ninamaanisha kwamba wao hawakutoka kwa mtu mwenye shamba.

"Namaanisha huyu nimemwona, mama. Antonio sijaweza kumfikia."

"Babu yangu aliniambia ni Antonio."

"Labda babu alikuwa sahihi. Ila mstari ule umeupiga wewe."

Nilijuta neno hilo kabla halijamaliza kutoka. Aliikunja nakala mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaniambia chakula kinapoa. Hakunipigia siku tisa. Mume wangu akaniambia nimpe muda, naye mwenyewe akawa anazunguka jikoni bila kazi.

Siku ya kumi, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba ya mzee ninayemtunza, simu ikalia. Hakunisalimu.

"Yule mwanamke aliyeandikwa juu yake. Ana miaka thelathini?"

"Ndiyo, mama. Kama thelathini."

"Na mtoto nane."

"Nane."

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa, na kiti kikiburutwa.

"Walimpeleka fungu gani?"

"La kaka wa yule binti. Alihamia upande wa Worcester, nadhani. Sijafika huko bado."

Kimya kikawa kirefu. Nje, taa za barabarani zikazimika zote kwa pamoja.

"Jumatatu unatoka kazini saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Oga kwanza, upate chai," akasema. "Nitakupitia saa tatu."